Mabadiliko ya kromosomu za vimelea vya malaria: njia ipi inafaa kwa sampuli za Kanda ya Ziwa?

Kabla ya kuuliza mashine ipi inunuliwe au sampuli zipelekwe maabara gani, fungua friza uone ulichonacho. Ni matone ya damu yaliyokauka kwenye karatasi ya chujio? Ni mirija ya damu nzima iliyogandishwa? Au ni vimelea hai vinavyokuzwa kwenye chupa? Jibu la swali hilo hufunga milango kadhaa hata kabla bajeti haijajadiliwa. Bahati mbaya wengi hulifikia mwishoni, karatasi zikiwa zimeshafika Mwanza mjini na mgonjwa amesharudi Ukerewe.

Ulinganisho huu ni wa mtaalamu wa maabara, mwanafunzi wa uzamili au mratibu wa malaria wa halmashauri anayetaka kujua kama kromosomu za vimelea alivyonavyo zimepungua, zimeongezeka au zimebadilishana vipande. Tunazungumzia Plasmodium falciparum, ndiye anayeongoza hapa.

Kwanza, unatafuta badiliko gani?

Kimelea huyu ana kromosomu 14. Jenomu (DNA yote) ya ukoo wa maabara uitwao 3D7 ilichapishwa mwaka 2002: besi, yaani herufi za DNA, milioni 23 hivi, jeni karibu 5,300, na besi za A na T zikiwa zaidi ya 80%. Kumbuka hiyo 80%, itatusumbua baadaye. Kromosomu ya 1 ndiyo ndogo kuliko zote, ina besi 640,000 hivi. Ya 14 inafika milioni 3.3. Hazijikunji zikawa vijiti vinene wakati wa kugawanyika kama za binadamu, kwa hiyo hadubini ya kawaida haizioni hata ukiwa na jicho la tai. Slaidi nzuri itakuambia idadi na aina ya vimelea, basi.

Mabadiliko yenye maana kwa kazi za huku ni ya namna tatu, na kila moja lina njia yake.

La kwanza ni kupotea kwa ncha. Maeneo ya karibu na ncha za kromosomu yamejaa marudio na jeni za familia ya var, ambazo ni kama 60 kwa kila jenomu. Maeneo hayo hukatika kwa urahisi, kimelea huweka ncha mpya mahali palipokatika, na maisha yanaendelea. Jeni ya hrp2, inayotengeneza protini inayonaswa na vipimo vingi vya haraka vya malaria (mRDT), iko karibu na ncha ya kromosomu ya 8. Ndugu yake hrp3 iko karibu na ncha ya kromosomu ya 13. Ncha ikienda, na jeni inakwenda nayo, na mgonjwa mwenye homa ya malaria anapata mstari mmoja tu kwenye kipimo, yaani jibu hasi.

La pili ni kuongezeka kwa nakala. Jeni ya mdr1 kwenye kromosomu ya 5 ikiwa na nakala zaidi ya moja, dawa ya meflokwini hupungua nguvu, na vimelea huwa na ustahimilivu zaidi kwa lumefantrini, ambayo ni nusu ya ALu (dawa mseto ya artemetha na lumefantrini) tunayoitegemea. Plasmepsini 2 na 3 kwenye kromosomu ya 14 zikiongezeka, dawa inayopata tatizo huwa piperakwini. Hilo lilionekana kwanza Kambodia.

La tatu ni kromosomu kubadilishana vipande. Mfano uliochambuliwa vizuri ni wa hrp3: katika vimelea vingi vilivyoipoteza, ncha ya kromosomu ya 13 imeondoka na mahali pake pamekaa nakala ya ziada ya ncha ya kromosomu ya 11. Makutano yako kwenye jeni za RNA ya ribosomu, ambapo kromosomu hizo mbili zinafanana kwa maelfu ya besi.

Jambo moja la kando, kwa sababu huchanganywa kila mara: badiliko la K13 (jeni inayohusishwa na usugu kwa artemisinini), kama R561H lililoonekana Kagera, si badiliko la kromosomu. Ni herufi moja ndani ya jeni. Linahitaji kusoma jeni yenyewe, na hakuna njia ya kuhesabu nakala itakayolionyesha.

Njia zikiwekwa bega kwa bega (PCR ni kunakili kipande cha DNA mara nyingi hadi kionekane)

| Njia | Sampuli inayotosha | Inaona nini | Haioni nini | Muda |
|---|---|---|---|---|
| PCR ya kutafuta jeni | Damu kavu kwenye karatasi | Jeni ipo au haipo | Kromosomu ilikatikia wapi. Upotevu uliofichwa na maambukizi mchanganyiko | Siku 1 hadi 2 |
| PCR ya kupima wingi (qPCR) | Damu kavu kwenye karatasi, bora damu nzima | Idadi ya nakala, upotevu, na mchanganyiko kwa kiasi | Nakala ziko wapi | Saa chache |
| PCR ya vitone | Kama qPCR | Nakala kwa usahihi zaidi | Nakala ziko wapi | Siku 1 |
| Jeli ya mipigo | Vimelea vilivyokuzwa tu | Ukubwa wa kromosomu nzima | Jeni moja moja, bila probu (kipande cha DNA chenye alama kinachoitafuta jeni) | Wiki 1 au zaidi |
| Kusoma vipande vifupi | Damu iliyoondolewa chembe nyeupe | Jenomu nzima isipokuwa ncha | Marudio marefu, ncha | Wiki kadhaa ukituma nje |
| Kusoma vipande virefu | DNA ndefu, vimelea vilivyokuzwa | Makutano, ncha, kubadilishana vipande | Kidogo sana, ukiwa na DNA nzuri | Siku 3 hadi 5 |

Njia ya kadi za safu za DNA (microarray), iliyotamba miaka ya 2000, hatukuiweka. Kila inachoweza, kusoma jenomu kunaweza zaidi, na ncha zilikuwa udhaifu wake tangu mwanzo.

PCR ya kutafuta jeni iliyopotea

Hii ndiyo inayotumika kuliko zote na ndiyo inayodanganya kuliko zote. Sababu ni nyepesi: unathibitisha kutokuwepo kwa kitu kwa kutoona mstari kwenye jeli, na mstari unaweza kukosekana kwa sababu kumi zisizohusiana na kromosomu.

Fanya hesabu. Kipande cha karatasi cha milimita 3 hubeba mikrolita 3 hivi za damu. Vipande vitatu ni mikrolita 9. Mgonjwa mwenye vimelea 10 kwa mikrolita atakuwa ameacha vimelea 90 kwenye vipande hivyo. Ukitoa DNA ndani ya mikrolita 150 na kuweka mikrolita 5 kwenye kishimo cha PCR, kishimo kinapata nakala 3, iwapo hakuna hata moja iliyobaki kwenye karatasi. Lakini zinabaki. Ikitoka theluthi tu, wastani unashuka hadi nakala 1 kwa kishimo, na kwa hesabu ya bahati nasibu vishimo 37 kati ya 100 havitapata nakala hata moja. Ukiita vishimo hivyo "hrp2 imepotea", umetangaza janga ambalo halipo.

Kosa linalozidisha hili ni kuthibitisha uwepo wa DNA kwa jeni yenye nakala nyingi. Jeni ya 18S, ya RNA ya ribosomu, ina nakala kadhaa kwenye jenomu, na DNA ya mitokondria ina makumi ya nakala kwa kimelea kimoja. Vipimo hivyo vitasema "ndiyo, vimelea vipo" hata pale DNA ilipo kidogo mno kwa hrp2 yenye nakala moja. Kipimo cha kulinganisha lazima kiwe cha jeni yenye nakala moja. Desturi nzuri ni kutumia mbili au tatu zilizo kwenye kromosomu tofauti na zile unazochunguza: msp1 iko kromosomu ya 9, msp2 iko ya 2, glurp iko ya 10. Sampuli ikishindwa hata kwenye mojawapo, toa jibu "haiwezi kuamuliwa" na uiondoe kwenye hesabu. Kwa kiasi cha karatasi tulichotaja, vimelea 100 kwa mikrolita ni mpaka wa busara. Chini ya hapo ongeza vipande au achana nayo.

Hatua zinazofaa ni hizi. Toa DNA. Pima jeni mbili za nakala moja. Zikipatikana zote, pima hrp2 kwa praima (vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha unakili) za sehemu mbili tofauti za jeni, na rudia kila inayokosa mstari. Kisha pima hrp3, na baada yake jeni jirani za pande zote mbili. Jeni jirani ya upande wa ncha ikiwa nayo imekosekana na ya upande wa ndani ipo, sasa una picha ya kromosomu iliyokatika na si PCR iliyogoma. Angalia pia kama praima zako za hrp2 zinashika hrp3. Jeni hizi zinafanana, na kuna praima za zamani zinazochanganya.

Maambukizi mchanganyiko ndiyo ukuta ambao PCR ya kawaida haiwezi kuuruka. Ukanda wa ziwa una mbu wa kutosha, na mgonjwa mmoja kubeba koo mbili au tatu za vimelea si ajabu. Ukoo mmoja wenye hrp2 unatosha kutoa mstari mzuri na kuuficha ukoo ulioipoteza.

Na kabla ya yote hayo, usidhani kila mRDT hasi yenye slaidi chanya ni upotevu wa jeni. Vimelea vichache, kipimo kilichokaa kwenye joto kupita kiwango kilichoandikwa kwenye boksi, usomaji wa haraka kabla ya muda, au Plasmodium malariae (aina nyingine ya kimelea, isiyo na hrp2) peke yake vinatoa matokeo yale yale. Kinyume chake pia kipo: vimelea visivyo na hrp2 lakini vyenye hrp3 vinaweza kuipa mRDT mstari hafifu vikiwa zaidi ya elfu moja hivi kwa mikrolita. Hivyo uchunguzi unaokusanya mRDT hasi tu huwaacha baadhi nje.

Kwa wanaouliza kama kuna haja: uchunguzi wa vituo 100 vya afya Tanzania Bara mwaka 2021 ulionyesha upotevu wa hrp2 ni nadra sana. Shirika la Afya Duniani linashauri kubadili aina ya kipimo pale ambapo upotevu wa jeni unasababisha vipimo vya HRP2 kuwakosa zaidi ya 5% ya wagonjwa wa falciparum wenye dalili. Eritrea ilifika huko na kuviacha vipimo hivyo. Sisi hatupo huko, na ndiyo sababu majibu ya uongo yana madhara makubwa: pale tatizo linapokuwa nadra, makosa machache ya maabara yanaweza kuzidi matukio ya kweli.

qPCR: kuhesabu nakala

Kama una fedha ya mashine moja tu, nunua ya qPCR. Inajibu swali la mdr1 na plasmepsini moja kwa moja, na kwa hrp2 inaipita PCR ya kawaida kwa sababu inakupa namba badala ya mstari.

Unaweka jeni unayoichunguza na jeni ya marejeo yenye nakala moja, kwa mfano beta-tubulini, kwenye kishimo kimoja zikiwa na probu za rangi tofauti. Tofauti ya Ct (mzunguko ambao ishara huanza kuonekana) kati yao inalinganishwa na ya 3D7, ambayo ina nakala moja. Ugumu uko kwenye udogo wa tofauti zenyewe. Nakala 2 dhidi ya 1 ni mzunguko 1 kamili. Nakala 3 dhidi ya 2 ni mizunguko 0.58. Nakala 4 dhidi ya 3 ni 0.42. Mkono unaotetemeka kwenye pipeti unaweza kuleta tofauti ya 0.3 peke yake. Kwa hiyo weka vishimo vitatu kwa kila sampuli, kataa sampuli ambayo vishimo vyake vinatofautiana kwa zaidi ya 0.5, na kataa yenye Ct inayopita 33 au 34. Hakikisha ufanisi wa praima zote mbili uko kati ya 90% na 110%, tena ukaribiane. Ukiwa na jeni moja yenye 92% na nyingine 108%, idadi ya nakala itabadilika kulingana na wingi wa vimelea, jambo lisilo na maana kibiolojia.

Namba ya 1.5 ndiyo inayoumiza kichwa. Inaweza kuwa nakala 2 zilizopimwa vibaya, nakala 1 iliyopimwa vibaya, au mchanganyiko wa nusu kwa nusu wa koo mbili. Rudia mara mbili kwa siku tofauti kwa DNA iliyotolewa upya. Ikibaki pale pale, andika "mchanganyiko unadhaniwa", usiikate kwenda juu.

Kwa hrp2, soma tofauti ya Ct kwa namna nyingine. Jeni ya marejeo ikitokea mzunguko wa 26 na hrp2 ikatokea wa 29.3, kama vimelea kumi tu kati ya mia ndivyo vyenye jeni hiyo. PCR ya kawaida ingekupa mstari na ungepita ukienda zako.

PCR ya vitone inafanya kazi ile ile kwa kuigawa sampuli katika vitone karibu 20,000 na kuhesabu vingapi vimewaka. Haihitaji mkunjo wa viwango, na inatenganisha nakala 2 na 3 kwa utulivu. Mashine na vitendanishi vyake ni ghali. Tungetuma kwenye maabara yenye mashine hiyo sampuli zile tu za 1.5.

Jeli ya mipigo

Kwenye jeli ya kawaida DNA yote inayozidi besi 50,000 hivi hukimbia pamoja. Mwaka 1984 Schwartz na Cantor walionyesha kwamba ukibadilisha mwelekeo wa umeme kila baada ya sekunde kadhaa, kromosomu nzima zinatengana kwa ukubwa. Mwaka uliofuata ilitumika kwa falciparum, na ikaonekana kwamba kromosomu ile ile hutofautiana ukubwa kati ya koo na koo. Sehemu kubwa ya tofauti hizo iko kwenye ncha.

Bado ndiyo njia pekee inayokuonyesha kromosomu nzima kwa macho yako. Lakini sampuli yake si mchezo. DNA ikikaushwa kwenye karatasi au ikipita kwenye kichujio cha kutolea DNA, imeshakatika vipande. Unahitaji vimelea vizima vilivyofungwa ndani ya agarosi kabla ya kupasuliwa.

Chupa ya mililita 10 yenye hematokriti (ujazo wa seli nyekundu) ya 5% na vimelea kwenye 5% ya seli hizo ina vimelea milioni 250 hivi. Jenomu moja ina uzito wa pikogramu 0.025, kwa hiyo hapo una mikrogramu 6 za DNA, inatosha vipande kadhaa vya jeli. Pasua seli nyekundu kwa saponini, osha vimelea kwa PBS, changanya mashapo na agarosi ya 2% inayoyeyuka kwa joto dogo, ujazo sawa kwa sawa, ikiwa imepoa hadi nyuzi 45 hivi. Mimina kwenye vijumba. Vipande vikiganda, viweke ndani ya EDTA ya 0.5 M yenye sakosili 1% na proteinesi K, nyuzi 50, saa 48. Vikiwa angavu, badilisha EDTA na uviweke kwenye friji. Vitadumu miezi mingi. Vikibaki na rangi ya chai, proteinesi haijamaliza kazi: ongeza mpya na usubiri saa 24 nyingine.

Kwa kromosomu ndogo, agarosi 1%, TBE 0.5×, nyuzi 14, volti 6 kwa sentimita, mipigo ya sekunde 60 kupanda hadi 120, saa 24. Kwa kubwa, agarosi 0.8%, volti 3 kwa sentimita, mipigo ya sekunde 500, saa 48 au zaidi. Weka chachu ya mkate kama kipimio cha ukubwa hadi besi milioni 2.2, na Hansenula wingei kwa zaidi ya hapo. Volti zikizidi kwenye kromosomu kubwa, DNA hunasa na kuchirizika kuwa moshi. Umeme ukikatika saa ya 30, kipoza joto kinazimika, bafa inapata joto, na ni kuanza upya. Jenereta inayojiwasha yenyewe si anasa kwa njia hii.

Hata ikienda vizuri, kromosomu za 6, 7 na 8 za 3D7 zimekaribiana mno kwa ukubwa kiasi kwamba waliosoma jenomu ya kwanza walizichukua kama fungu moja. Na hrp2 iko hapo hapo, kwenye ya 8. Kuitofautisha utahitaji kuhamishia DNA kwenye utando na kuitafuta kwa probu, siku tatu nyingine za kazi. Faida yake kubwa leo ni ukaguzi wa vimelea vya maabara. Vikikuzwa muda mrefu hupoteza ncha: kromosomu ya 2 ikikatika huondoka na jeni ya vinundu vya seli nyekundu, na ya 9 ikikatika vimelea vinaweza kuacha kunata na hata kuacha kutoa gametosaiti. Anayekuza vimelea kwa majaribio ya dawa anahitaji kujua hayo.

Kusoma jenomu: vifupi au virefu?

Adui wa kwanza ni DNA ya mgonjwa mwenyewe. Chukua mililita 5 za damu yenye vimelea 40,000 kwa mikrolita. Humo mna mikrogramu 5 za DNA ya vimelea. Chembe nyeupe, tuseme 8,000 kwa mikrolita, zina mikrogramu 264 za DNA ya binadamu. Kimelea ni 2% tu. Ukitaka kila besi isomwe mara 30, unahitaji besi milioni 690 za kimelea, na kwa 2% hiyo utalipia besi bilioni 35. Kupitisha damu kwenye safu ya selulosi ndani ya saa chache baada ya kuitoa kunapunguza gharama kuliko punguzo lolote utakalopewa na muuzaji.

Wengi hukimbilia kukuza DNA ya kimelea peke yake kwa kimeng'enya cha Phi29, maana inawezekana kutoka kwenye karatasi. Ni sawa kwa kusoma K13. Kwa kuhesabu nakala haifai: kimeng'enya hicho hukuza maeneo mengine maradufu na mengine karibu hakigusi, hasa ncha. Utaona milima na mabonde ambayo hayakuwa kwenye kimelea.

Vipande vifupi vya besi 150 vinahesabu nakala kwa kina cha usomaji. Hapa ndipo ile 80% ya A na T inapogonga. Kati ya jeni na jeni inafika karibu 90%, na PCR ya kuandaa maktaba huyaacha maeneo hayo nyuma. Kina kinashuka, na programu inaripoti upotevu. Tumia maandalizi yasiyo na PCR kama DNA inatosha, na andaa 3D7 katika kundi moja na sampuli zako ili ulinganishe kina kwa kina. Besi milioni 20.8 za katikati ya kromosomu zinasomeka kwa uhakika. Ncha zilizobaki vipande vifupi havijui viende wapi. Faida isiyolipiwa ni data ya wazi: mkusanyo wa Pf7 wa MalariaGEN (mtandao wa kimataifa wa jenomu za malaria) wa mwaka 2023 una sampuli 20,864 kutoka nchi 33, zikiwa na majibu ya nakala za mdr1, plasmepsini na upotevu wa hrp2 na hrp3. Angalia humo kwanza.

Vipande virefu, kwa mashine kama MinION, ndivyo vinavyoonyesha kubadilishana kwa ncha. Kipande kimoja cha besi 30,000 kinaanza kwenye kromosomu ya 13, kinapita jeni za RNA ya ribosomu, kinaishia kwenye ya 11, na hakuna ubishi tena. Kinachohitajika ni kama mikrogramu 1 ya DNA ndefu. Usiitikise kwa mashine, tumia ncha pana za pipeti, usiigandishe na kuiyeyusha. Kadi za kusomea zinakaa nyuzi 2 hadi 8, kamwe zisigandishwe, na vitundu vyake, ambamo DNA hupita ikisomwa, hufa zikikaa kwenye joto. Zipime siku ile ile zinapofika: kadi ya MinION yenye vitundu chini ya 800 mtengenezaji huibadilisha, ila usikae nayo hadi muda wa dhamana upite.

Uamuzi wetu

Kwa karatasi za damu kutoka zahanati za Ukerewe, Sengerema au Magu na swali la hrp2: qPCR yenye jeni ya marejeo kishimo kimoja, kisha PCR ya jeni jirani kwa zile chache zitakazobaki na shaka. Kwa wagonjwa wanaofuatiliwa siku 28 baada ya ALu, au 42 baada ya dawa yenye piperakwini: qPCR ya mdr1 au plasmepsini, sampuli ya siku ya 0 na ya siku vimelea viliporudi zikiwa sahani moja. Vipande virefu viwe vya sampuli chache zilizothibitishwa upotevu na zilizofanikiwa kukuzwa. Jeli ya mipigo ni ya maabara inayokuza vimelea kila siku, na hata hapo si ya kuanzia.

Kwa udhibiti, koo tatu zinatosha kwa karibu kila kitu hapo juu: 3D7 ina hrp2 na hrp3 na nakala moja ya mdr1, Dd2 haina hrp2 na ina nakala nyingi za mdr1, HB3 haina hrp3. DNA zake hupatikana kwa BEI Resources, hifadhi ya vimelea na vitendanishi vya utafiti. Kama sampuli zenyewe zitatoka nje ya nchi, kibali cha maadili cha kitaifa kupitia NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu) na mkataba wa kuhamisha sampuli viombwe kabla ya kukusanya, si baada.

Kituoni, chukua karatasi mbili kwa kila mgonjwa na, pale mRDT inapopingana na slaidi, mililita 2 za damu yenye EDTA. Karatasi zikauke saa 3 au zaidi kivulini, usiku zikifunikwa kwa chandarua, maana wadudu wa ziwani hufuata taa na mende hula matone ya damu. Ziwekwe kila moja kwenye mfuko wake wenye silika. Silika inayobadili rangi ikiashiria unyevu, ibadilishwe kabla ya kivuko, siyo baada ya kufika mjini.